Saratani ya umio: Dunia yachunguza moja, Kenya yaugua nyingine

Kwa zaidi ya miaka 25 sasa, watafiti wa Uingereza, Marekani, Uswidi, Denmark na Uholanzi wamekuwa wakilitafutia jibu swali moja kuhusu umio, ule mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Je, saratani yake inaweza kunaswa kabla haijawa saratani? Kwa aina moja ya ugonjwa huo, jibu lao limekuwa ndiyo, ingawa ni ndiyo yenye masharti mengi. Linalopasa kumshughulisha msomaji wa humu nchini ni kwamba aina hiyo siyo inayowamaliza Wakenya.

Kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), watu wapatao 511,000 waligunduliwa kuwa na saratani ya umio kote duniani mnamo 2022, na wengine wapatao 445,000 wakafariki kutokana nayo mwaka huo huo. Idadi ya wanaougua na ya wanaokufa zinapokaribiana kiasi hicho, maana yake ni kwamba wagonjwa hufika kwa daktari wakati wa kuokolewa umekwisha kupita.

Jina ni moja lakini maradhi ni mawili. Aina ya kwanza huanzia kwenye seli bapa zilizoutandika umio mfano wa vigae vya sakafu, nayo huitwa skwamasi. Hii ndiyo iliyokita mizizi katika ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi, hadi mkoa wa Eastern Cape nchini Afrika Kusini. Imeenea pia kaskazini mwa Iran na katika baadhi ya wilaya za Uchina. Aina ya pili, adenokasinoma, huanzia kwenye seli zenye umbile la tezi, na makao yake ni sehemu ya chini ya umio karibu na mlango wa tumbo. Hiyo ni saratani ya mataifa tajiri, huwapata wanaume mara nyingi zaidi kuliko wanawake, wazungu zaidi kuliko weusi, na wanene zaidi kuliko wembamba. Kati ya kila wagonjwa 100 wa saratani ya umio waliogunduliwa duniani mnamo 2020, takriban 85 walikuwa na skwamasi na 14 tu walikuwa na adenokasinoma.

Kiswahili chetu cha kila siku nacho hakijasaidia. Maradhi yote haya hutiwa katika kapu moja la "saratani ya koo", jina linalobeba pia saratani ya zoloto na ya koromeo, ambazo ni maradhi mengine yenye matibabu mengine. Mgonjwa aliyeambiwa ana saratani ya koo hugusa shingo yake, ilhali ugonjwa uko kifuani. Neno umio limo katika kamusi na halina ila yoyote. Ni la kutumiwa tu.

Turejee kwa hao 14 kati ya 100, kwa sababu ndio waliofanyiwa utafiti mwingi zaidi kuhusu hatua zinazotangulia saratani yenyewe. Historia yake ina mhusika ambaye jina lake limebaki hadi leo. Norman Barrett alizaliwa Adelaide, Australia, mwaka 1903, akaja kuwa mpasuaji wa kifua katika hospitali ya St Thomas' jijini London. Mnamo 1947 alifanikiwa kushona umio uliopasuka, na mgonjwa akapona, jambo ambalo halikuwa limewahi kuripotiwa. Mwaka 1950 alichapisha makala kuhusu vidonda sugu vya umio. Alikuwa amewaona wagonjwa ambao sehemu ya chini ya mrija huo haikuwa na utando wa kawaida wa seli bapa, bali utando mwekundu kama wa tumbo. Hoja yake ilikuwa kwamba sehemu hiyo haikuwa umio hata kidogo: lilikuwa tumbo, limevutwa juu hadi kifuani kwa kuwa mtu huyo alizaliwa na umio mfupi.

Alikosea. Mwaka 1953, Philip Allison na Alan Johnstone wa Leeds walionyesha kwamba ulikuwa umio halisi, wenye misuli na tezi zake, ila utando wake wa ndani ulikuwa umebadilika. Makala yao ilitoka katika jarida la Thorax, ambalo mhariri wake alikuwa Barrett mwenyewe. Sisi tulioketi kwenye meza ya uhariri miaka mingi tunajua si kila mhariri ambaye angeipitisha makala ya kumkanusha, hivyo mzee huyo anastahili heshima yake. Kufikia 1957 alikuwa amekubali maelezo ya wenzake, na hali hiyo ikaendelea kuitwa umio wa Barrett, yaani ikabaki na jina la mtu ambaye mwanzoni aliieleza visivyo.

Jinsi mambo yanavyokwenda inaeleweka vyema sasa. Baina ya umio na tumbo pana msuli unaofunga mfano wa mdomo wa mfuko wenye kamba. Msuli huo ukilegea, asidi ya tumboni, na mara nyingine nyongo pia, hupanda juu na kuuchoma ukuta wa umio. Mtu huhisi kiungulia. Ukuta unaochomwa miaka nenda miaka rudi hatimaye hujihami: mahali pa seli bapa, zisizostahimili asidi, hushikwa na seli za aina nyingine zinazofanana na za tumbo na utumbo, ambazo huistahimili. Huo ndio umio wa Barrett. Si saratani, na wengi walio nao hawatapata saratani kamwe. Hata hivyo, kwa baadhi yao seli hizo mpya huanza kupoteza umbile na mpangilio wake. Madaktari huiita hatua hiyo displasia, kwanza ya kiwango cha chini, kisha ya kiwango cha juu. Seli hizo zikivunja mpaka na kupenya katika tabaka za chini, adenokasinoma imezaliwa.

Uhusiano huo wa kiungulia na saratani ulithibitishwa kwa uzito mwaka 1999, pale Jesper Lagergren na wenzake nchini Uswidi walipochapisha matokeo ya kuwahoji wagonjwa wa nchi nzima. Waliokuwa na dalili za asidi kupanda angalau mara moja kwa wiki walikuwa na uwezekano wa kupata adenokasinoma takriban mara nane kuliko wasiokuwa nazo. Waliokuwa na dalili kali, za mara kwa mara na za miaka mingi, walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara 40. Wakati huo huo, takwimu za Marekani zilikuwa zikionyesha kwamba maradhi hayo yaliongezeka takriban mara sita kati ya 1975 na 2001, kasi iliyozipita saratani nyingine nyingi. Unene wa kupindukia ulitajwa mara moja, na kwa haki: mafuta yaliyojazana tumboni huusukuma mlango wa tumbo na kupandisha asidi.

Kuna sababu nyingine ambayo wasomaji wengi wataiona ya ajabu. Bakteria aitwaye Helicobacter pylori, yule anayesababisha vidonda vya tumbo na saratani ya tumbo, anaonekana kumpunguzia mwenyeji wake uwezekano wa kupata adenokasinoma ya umio. Inadhaniwa kwamba huudhoofisha uwezo wa tumbo kutoa asidi. Katika nchi tajiri bakteria huyo ametoweka kwa kiasi kikubwa kutokana na usafi na dawa. Katika Afrika bado ameenea, na huenda hilo likawa sehemu ya maelezo ya kwa nini umio wa Barrett ni nadra huku kwetu.

Kwa kuwa hatua ya kabla ya saratani ilikuwa imejulikana, madaktari wa Magharibi walifanya lililoonekana la busara. Walioonekana kuwa na umio wa Barrett waliwekwa katika orodha, na kila baada ya miaka miwili, mitatu au mitano wakawa wanaitwa kumezeshwa mpira mwembamba wenye kamera, yaani endoskopi, na kunyofolewa vipande vidogo vya utando vikapimwe. Huduma hii iligharimu fedha nyingi. Iliwatia pia watu hofu, kwa kuwa mtu anayeitwa hospitalini kila mara kutazamwa kama amepata saratani halali vyema.

Mwaka 2011 tarakimu zikaanza kuitia doa hofu hiyo. Watafiti wa Denmark waliwafuatilia watu 11,028 wenye umio wa Barrett kupitia rejista za taifa, ambazo kwa Denmark ni karibu kamili. Waligundua kwamba uwezekano wa kupata adenokasinoma ulikuwa asilimia 0.12 kwa mwaka, yaani karibu mtu mmoja katika kila 860. Kabla ya hapo, miongozo ya tiba ilikuwa imejengwa juu ya makadirio ya asilimia 0.5, takriban mara nne ya hiyo.

Pigo la pili limekuja juzi. Nchini Uingereza, utafiti uitwao BOSS uliwagawa kwa kura wagonjwa zaidi ya 3,400 wa umio wa Barrett katika makundi mawili. La kwanza lilifanyiwa endoskopi kila baada ya miaka miwili. La pili lilifanyiwa pale tu dalili zilipojitokeza. Wakafuatiliwa kwa miaka isiyopungua 10. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 hayakuonyesha tofauti ya vifo baina ya makundi hayo mawili. Hii haina maana kwamba kumfuatilia kila mgonjwa ni kazi bure, maana wenye displasia ni habari tofauti. Inamaanisha kwamba kumpitisha kila mtu kwenye kamera kwa ratiba ile ile hakumwongezei mgonjwa wa hatari ndogo siku za kuishi.

Kwa wenye displasia, utafiti umeleta faraja ya kweli. Zamani, aliyepatikana na displasia ya kiwango cha juu aliondolewa umio wote, upasuaji mkubwa ambao wengine hawakuamka kutoka kwake. Mnamo 2009 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Nicholas Shaheen walionyesha kwamba utando ulioharibika unaweza kuunguzwa kwa joto la mawimbi ya redio kupitia endoskopi, bila kisu. Katika utafiti huo displasia ya kiwango cha juu ilitoweka kwa wagonjwa 81 kati ya kila 100 waliounguzwa, dhidi ya 19 katika kila 100 ambao hawakuunguzwa. Mwaka 2014 utafiti mwingine wa Ulaya, wa wagonjwa 136 wenye displasia ya kiwango cha chini, ulionyesha kwamba asilimia 1.5 tu ya waliounguzwa walipata saratani katika miaka mitatu, dhidi ya asilimia 8.8 ya waliofuatiliwa tu. Dawa nazo zilijaribiwa. Utafiti wa AspECT, uliochapishwa 2018 baada ya kuwafuatilia wagonjwa 2,557 kwa karibu miaka tisa, ulionyesha kwamba dawa ya kupunguza asidi kwa kipimo kikubwa, ikiambatana na aspirini, huchelewesha saratani, displasia ya kiwango cha juu na kifo. Manufaa yalikuwapo, ila hayakuwa makubwa kiasi cha kumfanya mtu akimbilie duka la dawa.

Tatizo lililobaki lilikuwa la kuwapata wagonjwa wenyewe. Wengi wa wanaougua adenokasinoma hawakuwahi kujua kwamba walikuwa na umio wa Barrett. Hapa ndipo inapoingia kazi ya Profesa Rebecca Fitzgerald na wenzake katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mgonjwa hupewa kidonge kilichofungwa uzi. Ndani ya kidonge mna sponji iliyobanwa. Akishakimeza, ganda la kidonge huyeyuka tumboni kwa dakika chache, sponji ikatanuka, kisha muuguzi akauvuta uzi, na sponji ikapanda ikiukwangua umio wote na kukusanya seli. Hakuna haja ya dawa ya usingizi, chumba cha upasuaji wala daktari bingwa. Seli hizo hupakwa rangi ya kutambua protini iitwayo TFF3, ambayo hupatikana kwenye utando wa Barrett na haipatikani kwenye utando wa kawaida.

Jaribio kubwa la sponji hiyo, BEST3, liliwahusisha zaidi ya watu 13,000 katika kliniki za kawaida za Uingereza, wote wakiwa wanatumia dawa za kupunguza asidi. Matokeo yalichapishwa 2020. Miongoni mwa watu 6,834 waliokuwa katika kundi lililopewa nafasi ya kutumia sponji, 140 waligunduliwa kuwa na umio wa Barrett. Miongoni mwa 6,388 waliohudumiwa kwa njia ya kawaida, ni 13. Tisa katika kundi la kwanza walikutwa na displasia au saratani ya hatua ya kwanza kabisa, ambayo hutibika. Katika kundi la pili hakukutwa hata mmoja wa namna hiyo. Kwa upande mwingine, karibu wanne katika kila 10 walioitwa kufanyiwa endoskopi kwa sababu ya majibu ya sponji walikutwa hawana kitu, na msomaji asilisahau hilo atakapoona sponji hii ikinadiwa kama muujiza.

Jambo moja zaidi la kimsingi lilipatikana Cambridge. Mwaka 2021 kundi la watafiti wa huko lilichapisha katika jarida la Science ushahidi wa kijenetiki kwamba seli za Barrett hazizaliwi na seli bapa za umio zilizogeuka, bali asili yake ni seli za sehemu ya juu ya tumbo. Aidha, adenokasinoma zilizoonekana kutokea bila Barrett zilikuwa na alama zile zile. Kwa namna fulani ushahidi huo ungemfurahisha Barrett, aliyesisitiza mwanzoni kwamba alichokiona kilikuwa cha tumbo.

Hadi hapo tumezungumzia ugonjwa wa wengine. Kwa nini basi umstarehe, au umsumbue, mtu wa Bomet, Kericho au Uasin Gishu? Kwa sababu swali lililoulizwa London na Stockholm ndilo tunalopaswa kuliuliza sisi kuhusu skwamasi, na majibu yake huku yanatisha zaidi.

Skwamasi nayo ina hatua yake ya kutangulia. Ni displasia vilevile, ila ni ya seli bapa, na haihusiani na kiungulia. Haiumi, haiwashi, haikohozi. Jicho la kamera peke yake mara nyingi haliioni. Ili ionekane, daktari hunyunyiza iodini ndani ya umio: seli nzima, zenye akiba ya wanga, hugeuka rangi ya kahawia, na seli zilizoharibika hubaki njano hafifu. Huko Linxian, mkoa wa Henan nchini Uchina, watu 682 waliopimwa kwa endoskopi walifuatiliwa kwa miaka 13 na nusu, na matokeo yakachapishwa 2005. Kati ya waliokuwa na displasia ya kiwango cha chini, karibu robo walipata saratani. Wa kiwango cha wastani, nusu. Wa kiwango cha juu, watatu kati ya wanne hivi. Zilinganishe tarakimu hizo na ile asilimia 0.12 kwa mwaka ya Denmark. Ulinganisho huo si kamili, kwa kuwa wa Denmark wengi hawakuwa na displasia, lakini unaonyesha ni wapi penye moto.

Sasa tuje nyumbani. Madaktari na watafiti wa hospitali ya Tenwek, kaunti ya Bomet, wakiwemo Dkt Michael Mwachiro na wenzake, waliwafanyia wakazi 305 wa eneo hilo uchunguzi wa endoskopi kwa iodini. Hawakuwa wagonjwa, hawakuwa na dalili yoyote ya kushindwa kumeza. Matokeo yalichapishwa 2016. Asilimia 14.4 walikuwa na displasia, yaani karibu mtu mmoja katika kila saba. Nadhani tarakimu hiyo ingetangazwa kuhusu maradhi ya kuambukiza, kungekuwa na kikao cha dharura katika kila makao makuu ya kaunti za Bonde la Ufa.

Hospitali hiyo hiyo ndiyo iliyoandika kuhusu vijana. Katika ripoti ya 2010, watafiti walieleza visa 109 vya wagonjwa wa saratani ya umio waliokuwa na umri wa miaka 30 au chini, waliotibiwa hapo tangu 1996. Walikuwa takriban asilimia sita ya wagonjwa wote wa saratani hiyo. Mdogo wao zaidi alikuwa na miaka 14. Katika mataifa ya Magharibi huu ni ugonjwa wa wazee wenye miaka 60 na kuendelea, na daktari anaweza kufanya kazi maisha yake yote asimwone mgonjwa wa miaka 20.

Wengi wa wagonjwa wetu hufika hospitalini wakiwa hawawezi kumeza hata uji. Kinachowezekana kwa wengi wao ni kutiwa stenti, kijibomba cha wavu wa chuma kinachoupanua mrija ili chakula kipite. Mnamo 2009 madaktari wa Tenwek waliripoti kuhusu wagonjwa zaidi ya 900 waliotiwa stenti hapo. Ni huduma ya utu, na imewarudishia watu uwezo wa kula na jamaa zao katika siku zao za mwisho. Haiondoi saratani.

Kuhusu chanzo, mengi yamesemwa vijijini na mengine yamepimwa. Mwaka 2016 IARC ilitangaza kwamba vinywaji vyenye moto unaozidi nyuzi 65 yaelekea husababisha saratani. Mwaka 2019 utafiti uliofanywa Eldoret, uliowalinganisha wagonjwa 430 na watu 440 wasio na ugonjwa huo, ulionyesha kwamba wanaokunywa chai na uji ukiwa moto sana walikuwa na uwezekano wa takriban mara 3.7 kuliko wanaokunywa vuguvugu. Pombe, zikiwemo chang'aa na busaa, na tumbaku pia zina mchango wake. Mursik nayo imeshtakiwa, hasa baada ya watafiti kupata ndani yake kemikali ya asetaldehidi mnamo 2013. Lakini kupata kemikali ndani ya kibuyu si sawa na kuthibitisha kwamba ndiyo inayoua, na ni haraka mno kuwaambia Wakalenjin wavunje vibuyu vyao. Chai ni rahisi zaidi: iachwe ipoe kwa dakika chache.

Tukirudi kwenye sponji, kishawishi kilichopo ni kuiagiza jinsi ilivyo na kupiga picha mbele ya kamera za runinga. Hilo lingekuwa kosa kwa sababu mbili. Kwanza, Waingereza huwachagua wa kupimwa kwa kuwauliza kuhusu kiungulia na dawa za asidi. Ukiuliza swali hilo Bomet, utawaacha nje wenye displasia ya skwamasi, kwa maana wao hawana kiungulia cha kuripoti. Huku kigezo kinapaswa kuwa mahali mtu anapoishi, umri wake na historia ya jamaa zake. Pili, protini ya TFF3 ni alama ya Barrett; haisemi lolote kuhusu seli bapa zilizoharibika. Sponji inaweza kubaki ile ile, lakini kinachotafutwa katika seli zake lazima kibadilike.

Kwamba linawezekana, kuna dalili. Katika mkoa wa Golestan, kaskazini mwa Iran, ambako skwamasi imeenea kama kwetu, watafiti walijaribu sponji hiyo kwa watu 344, na matokeo yakachapishwa 2014. Badala ya TFF3 walitazama umbile la viini vya seli na protini iitwayo p53, na wakawatambua waliokuwa na displasia ya wastani na ya juu bila kuwatia kapuni wazima wengi. Idadi ya wenye ugonjwa ilikuwa ndogo, hivyo haitoshi kuwa msingi wa sera ya taifa. Katika eneo la Kilimanjaro, jirani zetu wa Tanzania nao wameshirikiana na watafiti wa kimataifa kuona kama wananchi watakubali kuimeza, na kama ni salama. Kenya, yenye hospitali zilizolitafiti tatizo hili kwa miongo mitatu, inaweza kufanya jaribio kubwa zaidi kuliko hayo yote mawili.

Lakini kuna swali ambalo wafadhili hawalipendi. Ukishampata mkulima wa miaka 45 mwenye displasia ya kiwango cha juu, utamfanyia nini? Uingereza inaweza kumuunguza au kuukata utando ule kwa endoskopi wiki zijazo. Huku, wataalamu wenye ujuzi huo ni wachache na wamekusanyika katika hospitali chache. Wanapatholojia, wa kuzisoma seli kwa hadubini, ni wachache vilevile. Kupima watu 10,000 na kuwaambia 300 kati yao kwamba wana bomu kifuani, kisha kuwarudisha nyumbani wakasubiri, ni ukatili hata kama utapewa jina la uchunguzi wa mapema. Mafunzo ya madaktari na wauguzi wa endoskopi yanapaswa kutangulia sponji, au angalau kwenda nayo sambamba. Afya imegatuliwa kwa kaunti tangu 2013, na bajeti za kaunti za eneo hilo ndizo zitakazoonyesha kama jambo hili limeeleweka. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, nayo itapaswa kuamua kama itamlipia mtu asiyeumwa bado.

Isitoshe, si vyema kudhani kwamba adenokasinoma itabaki ng'ambo. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzani uliozidi au unene wa kupindukia. Wanaume wako nyuma, lakini mijini wanakuja mbio. Kiungulia kimekuwa gumzo la ofisini, na vidonge vya kupunguza asidi hununuliwa dukani kama peremende, mtu akijiambia ana "alsa". Uswidi na Marekani zilichukua miongo kadhaa kutoka kwenye unene hadi kwenye saratani. Mwanamume wa Nairobi mwenye kitambi, mwenye zaidi ya miaka 50, aliyemeza vidonge hivyo kwa miaka 10 bila kumwona daktari, ndiye ambaye utafiti wa Cambridge unamhusu moja kwa moja, na kwake yeye swali la kiungulia na ile protini ya TFF3 vinafaa jinsi vilivyo.

Kwa mtu wa Bomet, kazi iliyo mbele ni ya kuhesabu. Karibu mmoja kati ya kila saba wa wale 305 alikutwa na displasia. Haijulikani hadharani ni wangapi kati ya watu wa namna yao watapata saratani baada ya miaka mitano au 10, kama Wachina walivyojua kuhusu Linxian. Tarakimu hiyo ndiyo itakayoamua ni nani apimwe, kila baada ya muda gani, na kwa gharama ya nani. Inahitaji daftari la kufuatilia watu kwa miaka mingi, chupa za iodini ambazo si ghali, na mishahara ya watu watakaowapigia wakazi simu warudi kliniki. Wizara ya Afya na kaunti husika hazina haja ya kungoja itoke Denmark.